Mapishi ya Fundi wa Nguo

Barua ya kumwita mke wangu chuo cha ualimu ilifika siku ya soko. Nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya duka moja pale Birongo, mguu kwenye cherehani, nikiunga mikono ya mashati ya shule, nilipomwona anakuja mbio. Mwalimu hakimbii mbele za watu. Nikajua ama kuna msiba ama kuna heri. Akaiweka ile karatasi juu ya shati nililokuwa nashona, akasimama akihema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa amefundisha miaka minne bila mafunzo, akipewa darasa la watoto wadogo kabisa na kazi zote ambazo walimu wenye vyeti hawakuzitaka. Sasa barua ilisema aripoti Januari, akae miaka miwili, arudi nyumbani wakati wa likizo tu. Chuo chenyewe kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Utaenda," nikamwambia.

"Na watoto?"

"Watoto wana baba yao."

"Baba yao amewahi kupika nini?"

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na watoto watatu: msichana wa miaka tisa na wavulana wawili, mmoja wa sita, mwingine wa minne. Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuepua sufuria motoni. Si kwamba nilikuwa mvivu. Kwetu, mvulana akishatahiriwa haketi tena karibu na mafiga. Chakula humfuata alipo. Akikutwa anafunua chungu, wenzake watamwimba mpaka mvi zimwote. Nilizaliwa kwenye mteremko wa Manga, katika nyumba iliyokuwa na upande wa baba na upande wa moto, na mpaka kati ya pande hizo mbili niliujua kama nilivyoujua mpaka wa shamba letu.

Mama yangu alikuwa na suluhisho kabla hatujamwomba. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo alimwita baba mdogo aje kuwa shahidi, wakaketi nyumbani kwangu Jumapili asubuhi.

"Mtoto wa marehemu kaka yako atakuja kukupikia," mama akasema. "Ana miaka kumi na mitatu. Anajua kusonga ugali, anajua kuchota maji."

"Yuko darasa la sita, mama."

"Darasa halikimbii."

"Na asipotosha huyo," baba mdogo akadakia, "ongeza mke. Umri unao, shamba unalo. Huyu wa vitabu akirudi atamkuta mwenzake."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la uji. Sikumtazama. Nilijua nikimtazama nitasema kwa ajili yake, nami nilitaka kusema kwa ajili yangu mwenyewe.

"Nimtoe mtoto wa kaka yangu shuleni ili mke wangu apate kwenda shule? Akili gani hiyo? Hapana. Nitapika mwenyewe."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alijifunga leso yake upya kiunoni, akasema, "Basi usiniite moshi ukikutoa machozi," akatoka.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mke wangu hakunifundisha kupika. Muda ulikuwa mfupi, na nadhani bado alikuwa na haya kidogo ya kunikalisha mbele ya mafiga. Alinipa kitabu. Kilikuwa kitabu cha mapishi cha Kiswahili, chembamba, jalada lake la kijani limeanza kuchanika, alichokinunua mjini Kisii alipopewa kuwafundisha wasichana kazi za nyumbani.

"Kila kitu kimo humu," akasema. "Wewe si unasoma vipimo vya watu kila siku? Hivi navyo ni vipimo."

Nikakisoma chote, kutoka chai hadi keki, kama mtu anayesoma sheria kabla ya kwenda kortini. Kilichonikera ni kwamba kila ukurasa ulizungumza na mama. Mama achukue vitunguu viwili. Mama aangalie moto. Mama asisahau kunawa. Nilikuwa na penseli yangu ya kazi. Nikaanza mwanzo, nikalikata lile neno na juu yake nikaandika "mpishi". Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Mke wangu aliniona, na alipokuwa akipanga sanduku lake nilimsikia akicheka peke yake.

Akaondoka. Tulimsindikiza hadi kituo cha basi, watoto wakalia, mimi nikajikaza. Tuliporudi nyumbani, saa ya chakula ilikuwa imefika na hapakuwa na mtu mwingine wa kutazamana naye.

Wali wangu wa kwanza ulikuwa uji juu na mkaa chini. Watoto waliketi, sahani mapajani. Msichana wangu alichimba kwa kijiko, akaonja, akafikiri. "Tata," akasema, kwani ndivyo watoto wa Kigusii wanavyomwita baba, "ule wa katikati ni mzuri." Tukala wa katikati.

Maharagwe yalinitii mapema zaidi. Kitabu kiliagiza vitunguu vikaangwe mpaka vibadilike rangi, ndipo nyanya zifuate, na bizari kidogo ya duka la Mhindi, halafu maharagwe yaliyochemshwa. Hilo nililielewa kwa sababu linafanana na kushona: kuna kinachotangulia na kuna kinachofuata, na ukigeuza mpangilio utafumua. Shida ilikuwa pale kitabu kilipodhani kila nyumba ina oveni. Sisi tulikuwa na mawe matatu na kuni za mibuluu, yaani mikaratusi. Nikajaribu keki ya ndizi, maana ndizi mbivu hazikutukaukia, nikaweka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye mchanga, nikafunika, nikapanga makaa juu ya kifuniko. Ya kwanza iliungua. Ya pili haikuiva. Ya tatu niliibeba hadi sokoni nikaila mbele ya watu.

Maana sokoni habari ilikuwa imeshafika. Mchinjaji aliyekuwa ng'ambo ya barabara, mtu wa rika langu, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja, ndiye aliyeimba zaidi. Nilikwenda kununua nyama, akaninolea kisu polepole ili wateja wapate kusikia.

"Nikukatie nyama au nikukatie leso?"

"Nikatie nyama ya mbavu. Leso mwachie mkeo, na umwache ajifunge vizuri, kwa sababu nasikia amechoka kukupikia nyama unayomletea bila asante."

Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Lakini nilirudi kwenye cherehani, nikashona mshono ule ule mara mbili. Si kwamba kujibu hakuumi. Kwa muda wa miezi mitatu wateja kadhaa wanaume walihamisha suruali zao kwa fundi mwingine, eti mikono yangu inanuka vitunguu. Ilinuka kweli. Sikuacha kupika, na sikuanza kunawa kwa sabuni ya kunukia.

Kitabu kilikuwa na pengo moja kubwa. Kilikuwa na kabichi, kilikuwa na karoti, kilikuwa na mboga ambazo sijaziona hadi leo, lakini hakikuwa na chinsaga. Hiyo ni ile mboga chungu ambayo Kiswahili cha vitabuni kinaiita mgagani, na kwetu nyumba isiyo nayo ni nyumba ya wageni. Nilichemsha ya kwanza kama kabichi, dakika chache. Mdogo wa miaka minne aliweka mdomoni, akatoa ulimi nje, akauacha pale nje.

Kumwuliza mama sikuthubutu. Alikuwa ng'ambo ya ua, moshi wa jiko lake ukinipita kila siku. Nikamwuliza mjane mmoja mzee aliyekuwa akitandika gunia lake la mboga karibu na baraza yangu. Nilidhani atanicheka. Alinitazama tu, akasukuma fungu la majani kunielekea.

"Chambua kwanza. Siwezi kuzungumza na mikono iliyokaa."

Nikachambua, sindano nimeichomeka kolani.

"Chinsaga haipikwi kwa haraka ya mwanamume," akasema. "Chemsha mpaka ichoke. Mwaga yale maji, ndiyo yenye ukali. Tia maziwa, rudisha motoni, acha yanywewe. Usile leo. Kesho uipashe, utie maziwa tena. Kesho kutwa uipashe, utie tena. Siku ya tatu ndiyo yenyewe."

"Chungu cha udongo au sufuria?"

"Sufuria ni ya chai," akasema, kama mtu aliyetukanwa.

Sikuwa na daftari la mapishi. Nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja, kwa hiyo niliandika humo, chini ya kiuno na urefu wa gauni la mama mmoja. Tangu siku hiyo kila nilichojifunza ambacho hakikuwa kitabuni nilikiandika humo: ndizi za kuchemsha na maharagwe, malenge na maziwa, mnavu uliochanganywa na nderema ili usiwe mkali. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilinunua daftari jingine, na hilo sikuandika kipimo cha nguo hata kimoja.

Muhula wa pili ndipo yakamfika msichana wangu.

Niliona anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikamgeuza kiganja cha kulia. Kilikuwa kimevimba, na alama ya fimbo ilikuwa wazi.

"Nani?"

"Mwalimu wa Kiswahili."

"Umefanya nini?"

"Niliandika baba anapika."

Ili mtu aelewe kisa hiki lazima ajue kitu kimoja kuhusu lugha yetu. Kwa Kigusii, neno baba maana yake ni mama. Baba mzazi ni tata. Kwa hiyo watoto wetu wanapoanza Kiswahili huchanganya, na walimu wamezoea kuwasahihisha. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni sentensi za kukamilisha, moja ya baba na moja ya mama. Msichana wangu akaandika: Baba anapika. Mama anasoma. Mwalimu akaweka mkasi, ile alama ya kosa, mara mbili, akamweleza kwamba amekosea kama wengine, aandike upya. Akaandika upya vile vile. Mwalimu akamweleza tena, mbele ya darasa, kwamba hapa baba si yule wa nyumbani kwao. Naye akasema, "Najua, mwalimu. Ni baba." Mwalimu akaona huu sasa ni ukaidi.

Kesho yake asubuhi sikufungua kazi. Nilikwenda shuleni moja kwa moja, na nilifika kabla sijatambua kwamba utepe wa kupimia bado umening'inia shingoni. Mwalimu alikuwa kijana mdogo, shati lake limepigwa pasi vizuri, mwenye adabu. Alinipa kiti. Sikukaa.

"Mwalimu, mimi ndiye baba."

"Karibu, mzee. Baba wa nani?"

"Baba wa kwenye sentensi."

Akanitazama. Nikalichukua daftari la mtoto, nikalifungua mezani pake.

"Kwa Kigusii ni tata. Kwa Kiswahili ni baba. Kwa Kizungu mtatafuta neno lenu. Kwa lugha yoyote utakayochagua, jana jioni niliyepika ni mimi, na mama yake yuko chuoni anasoma ili awe mwalimu kama wewe. Mtoto ameandika kweli kwa sarufi safi, nawe umempiga."

"Lakini mzee, kitabu cha darasa kinasema mama anapika."

"Basi aliyekiandika hajapita kwangu."

Alitoa kalamu yake nyekundu, akakata ile mikasi miwili, akaweka alama mbili za vyema. Nikamwomba akaseme vivyo hivyo darasani. Akasema ataona. Hakusema. Wenzake walimwimba msichana wangu wiki nzima, "Baba mpishi, baba mpishi," naye alirudi kila siku na uso mkavu, akaomba nimfundishe kukaanga vitunguu.

Habari zikamfika mama. Jioni ya Ijumaa, nikiharakisha kupika chakula cha Sabato kabla jua halijatua, nikaona kivuli mlangoni mwa jiko.

"Wamempiga mjukuu wangu kwa sababu ya upishi wako."

"Nimeshakwenda kwa mwalimu, mama."

"Umekwenda na maneno. Nionyeshe huo upishi uliomletea fimbo."

Nilikuwa nasonga ugali wa wimbi, uliochanganywa na muhogo. Mama alisimama akaniangalia kama mtu anavyomwangalia jirani analima shamba kwa mistari iliyopinda. Alivumilia kidogo. Halafu akaweka fimbo yake ya kutembelea chini.

"Sogea. Unaniumiza macho."

Akaninyang'anya mwiko. Alikuwa mwembamba, mabega yake yamepungua, lakini aliugeuza ule ugali kama anayemgeuza mtoto mkaidi. "Wimbi halikorogwi. Linakandamizwa kwenye ukuta wa sufuria, linarudishwa, linakandamizwa. Hivi. Usimalize nguvu zako mwanzoni." Nilidhani atamaliza yeye. Akanirudishia mwiko. "Sasa wewe."

Nikasonga mpaka jasho likaniingia machoni. Akanionyesha jinsi ya kulowesha kibuyu kidogo na kuuzungusha ugali ndani yake mpaka uwe laini usio na ufa, kisha kuuangusha kwenye ekee, kile kikapu kidogo cha ugali ambacho mke wangu alikuwa amekitundika ukutani nami sikujua matumizi yake. Akamega kidogo, akala amesimama.

"Umezidisha muhogo," akasema, akachukua fimbo yake.

Ijumaa iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata. Kanisani kina mama walipomwuliza juu yangu alijibu, "Yule simwelewi," na hakumwambia mtu yeyote kwamba yeye ndiye anayenifunza. Sikumfichua mpaka leo, sasa ambapo hawezi tena kunigombeza.

Baba mdogo hakuwa hivyo. Alikuja mwaka wa pili, wakati wa mavuno ya wimbi, kwa shughuli ya ukoo. Nikamwandalia: ugali kwenye ekee, chinsaga ya siku ya tatu, maziwa ya mgando. Akanawa. Kabla ya kumega akauliza, ingawa alijua.

"Nani amepika?"

"Mimi, baba mdogo."

Akasukuma ekee kwa ncha za vidole.

"Sili kutoka mkono wa mwanamume. Ungenipa maji matupu ningekushukuru."

"Maji nayo nimechota mimi."

Akainuka. Safari ya kwake ilikuwa ya kupanda mlima wote, na alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilimwomba akae, si kwa kubembeleza, kwa heshima. Akakataa. Nikamega kipande cha kwanza nikala mbele yake, na moyo wangu ulikuwa mzito, maana huyu ndiye aliyenifundisha kuchunga ng'ombe na aliyenipeleka kwa fundi wangu wa kwanza. Hakula tena nyumbani kwangu mpaka alipokufa. Nilimlilia sana. Radhi sikumwomba.

Mke wangu alirudi na cheti chake, akapangiwa shule si mbali na Mosocho. Nilidhani vita vimekwisha. Wiki chache baadaye akaalika wageni: mwalimu mkuu wake na mkewe, na walimu wawili wanaume. Nilianza kuandaa chinsaga siku tatu kabla. Asubuhi ya siku yenyewe akaja jikoni, akafunga mlango.

"Leo tu," akasema, "ukae sebuleni na wageni. Chakula nitasema nimepika mimi."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. "Miaka miwili nimetukanwa sokoni mchana kweupe. Sasa nifichwe nyumbani kwangu?"

"Wewe wakijua, watasema una kichaa au una moyo. Mimi wakijua, watasema ni mvivu niliyemkalia mume kichwani. Kule chuoni walilisema hilo kila siku. Wewe ulitukanwa kwa kupika. Mimi nilitukanwa kwa kutopika, na sikuwa hata nyumbani."

Hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Nilikuwa nimejihesabu shujaa peke yangu. Nikavua aproni niliyojishonea, nikaenda nikakaa sebuleni, nimekasirika na nimeaibika pamoja.

Wageni wakala. Mwalimu mkuu aliongeza, akaongeza tena. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya upole, akamgeukia mke wangu. "Mwalimu, hii chinsaga haina ukali hata chembe. Umeitia maziwa mara ngapi?"

Mke wangu akafungua mdomo. Hakujua. Miaka miwili alikuwa mbali, na tangu arudi alikuwa anaipokea ikiwa tayari. Akainama, kisha akainua uso wake, na niliona shingo yake inanyooka.

"Mwulizeni mume wangu. Ndiye aliyepika. Ndiye aliyepika tangu niende chuoni, na watoto wangu wamenenepa."

Mwalimu mmoja aliacha kutafuna. Akapangusa mikono taratibu, akasogeza sahani, na hakugusa tena kitu mpaka walipoondoka. Mwenzake akaendelea kula, macho chini. Mke wa mwalimu mkuu akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la mumewe, akatafuta karatasi ndani ya mkoba wake.

"Anza mwanzo," akaniambia. "Umechambua kwanza, halafu?"

Nikaanza mwanzo. Mke wangu alisikiliza naye, kiwiko mezani, kama mwanafunzi. Kesho yake asubuhi nilikuta aproni yangu imefuliwa, imeanikwa mbele ya nyumba, upande wa barabara.

Sikuacha kupika aliporudi. Tuligawana siku, tukagombana juu ya chumvi, akanifunza mapishi aliyoyapata chuoni nami nikamfunza ya mjane na, bila kumtaja, ya mama. Wavulana wangu waliosimama karibu na mafiga wakiwa na miaka sita na minne hawakuambiwa kamwe kwamba mahali pale si pao. Mmoja alipotahiriwa, wazee wakamwonya juu ya jiko kama ilivyo desturi. Alisikiliza kwa adabu, akapona, akarudi akaniuliza kama bado kuna malenge.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, kina mama wa kanisa letu walitumwa kwangu. Binti mmoja alikuwa anaolewa na familia ilitaka keki, na keki za mjini zilifika zimevunjika kwa sababu ya barabara. Walikuwa wamesikia juu ya ile yangu ya ndizi, ya makaa juu na makaa chini. Wajumbe walikuwa wawili, na walizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno.

"Tunaomba uje nyumbani kwa binti utufundishe," mmoja akasema hatimaye. "Ila uje mapema, kabla watu hawajatoka. Upitie nyuma, kwenye migomba. Tutakuachia mlango wa uani wazi."

"Kwa nini migomba?"

"Unajua wanaume walivyo."

"Najua. Mimi ni mmoja wao. Nitakuja saa nne, kwa barabara, na nitaingia kwa mlango wa mbele. Kama hampendi, nunueni keki ya mjini."

Walikwenda wakajadiliana wiki nzima. Mmoja alisema nina kiburi, na hakukosea. Mwishowe wakaleta jibu: njoo saa nne.

Nilivaa koti langu jeusi la Sabato, nikabeba sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, nikapita katikati ya soko. Wapo waliopiga miluzi. Mtu mmoja aliniita mama bwana. Nikamsalimu kwa jina la baba yake, kwa heshima zote, nikaendelea. Kule nilikuta kina mama kumi na wawili wamezunguka mafiga, wengine wananikwepa macho, na bibi arusi mwenyewe ameketi kwenye kigoda na bakuli la mayai. Nikavua koti, nikalitundika mlangoni, nikaomba unga.

Tulifanya kazi mpaka alasiri. Niliwaambia makaa ya juu yazidi ya chini, kwa sababu chini kuna mchanga unaoshika joto. Niliwaambia wasifunue kila mara, na walifunua. Bibi arusi alipasua mayai kwa mkono mmoja, jambo ambalo mimi sijaliweza hadi leo. Keki ilitoka imeinamia upande mmoja kama nyumba ya udongo iliyonyeshewa, tukakata upande wa juu, tukaula tukiwa tumesimama, na iliyobaki ikawa sawa.

Nilipotoka, mzee mmoja wa kanisa alikuwa anasubiri langoni, mikono nyuma.

"Huoni haya," akaniuliza, "mtu mzima, mwenye watoto wa kuoza?"

"Naona haya, mzee. Naona haya kwamba nilifika miaka thelathini na mmoja nikilishwa na watu wengine na sijui chakula kinatoka wapi."

Nikamuaga, nikashika barabara saa ile ya watu wengi wanaotoka sokoni, wanaume wamejaa kwenye baraza za maduka. Koti langu lilikuwa limejaa unga kuanzia kola hadi mfukoni. Sikuukung'uta.